Namna ya Kuiokoa Protini Inayogandamana Ndani ya Bakteria

Anayezalisha protini ya kiumbe kingine ndani ya Escherichia coli huifahamu hasara hii: bakteria wamestawi vizuri, lakini seli zikishapasuliwa na kuzungushwa kwenye sentrifuji, maji ya juu hayana kitu na protini yote imelala chini, mashapo meupe mazito kama chokaa. Kabla ya yote, pitisha maji na mashapo katika jeli moja (ya kutenganisha protini kwa ukubwa), sambamba. Ikiwa ukanda wa protini yako hauonekani popote, tatizo liko kwenye jeni au plasmidi (duara dogo la DNA linaloibeba jeni hiyo), na maelezo haya hayatakufaa.

Mnyororo wa amino asidi unapotoka kwenye ribosomu (mtambo wa seli unaounda protini), sehemu zake zinazokimbia maji huwa bado ziko wazi, na kwa kuwa seli imesongamana mno, sehemu hizo hunasana na za minyororo jirani kabla hazijafichwa ndani ya umbo. Anfinsen, mwanabiokemia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1972, alionyesha kuwa kimeng'enya ribonyuklezi kilichofumuliwa hujikunja upya yenyewe. Umbo, basi, limeandikwa katika mnyororo wenyewe. Kinachokosekana ni nafasi na muda, na hivyo ndivyo vinavyotolewa na protini ziitwazo chaperone, ninazopenda kuziita kungwi, ingawa, tofauti na kungwi wa unyagoni, hizi hazimfundishi mwali, yaani mnyororo, neno lolote. Mmoja wao, GroEL, ni pipa la pete mbili, kila pete ikiwa na vipande 7; mnyororo huingia ndani, mwenzake GroES hufunika kama kawa, na kwa takriban sekunde 10 mwali hubaki peke yake, kisha kwa nguvu ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kifuniko hufunguka. Asiyekamilika hurudishwa ndani.

Anza na lisilo na gharama. Bakteria wakifikia OD600 (kipimo cha wingi wao kwa mwanga) ya 0.6 hivi, washushe kutoka nyuzi 37 hadi 18 za Selsiasi, tia IPTG (kemikali inayowasha jeni yako) milimola 0.1 kwa lita badala ya 1, uwaache usiku kucha. Minyororo ikitoka polepole, kungwi waliopo huweza kutosha, na mimi singenunua chochote kabla ya kujaribu hili.

Isipotosha, ingiza plasmidi ya pili yenye jeni za GroEL na GroES, kwa mfano pGro7, ambayo huwashwa na sukari ya arabinosi na huwapa bakteria ustahimilivu dhidi ya kiuavijasumu kloramfenikoli. Plasmidi yako sharti itumie kiuavijasumu kingine. Arabinosi itiwe mapema, tangu kupanda bakteria, ili kungwi wawepo kabla mwali hajafika. Chumba cha GroEL hutosha protini ya takriban kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 60. Iliyo kubwa zaidi ijaribiwe na kundi jingine la kungwi, la DnaK, DnaJ na GrpE, ambalo hushika sehemu zilizo wazi na kuziachia bila kuufungia mnyororo wote ndani.

Katika jeli ya mwisho utaona ukanda mnene karibu na kilodaltoni 57: huyo ni GroEL, usimshangilie. Akiing'ang'ania protini yako wakati wa kuisafisha, osha safu ya kusafishia kwa ATP pamoja na magnesi ili aiachie. Wala kuonekana kwa protini katika maji ya juu si ushahidi kwamba imejikunja, kwa sababu huenda bado imeshikiliwa. Ikiwa ni kimeng'enya, pima kama kinafanya kazi.