Jinsi ya kuomba ruhusa ya kutengenezesha nyuzi zilizolika kwenye bastola ya zamani ya shabaha, ukiwa Mwanza

Skrubu ya mpini ikianza kuzunguka bila kukaza kwa sababu nyuzi zake, yaani michirizi inayoizunguka, zimelika, wengi wetu hapa Mwanza tunamuwaza fundi wa kukereza vyuma kule Nyakato. Ana mashine, ana mkono mzuri, na bei yake inazungumzika. Pampu ya maji au injini ya mtumbwi mpelekee leo hii. Bastola usimpelekee, hata kama ni ya .22 ya kulengea shabaha tu na umri wake umempita babu yako. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka anayetengeneza silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Leseni yako wewe ni ya kumiliki. Haikupi ruhusa ya kumkabidhi mtu mwingine.

Kwa hiyo anza na karatasi. Itazame leseni: iko hai? Namba iliyoandikwa humo ndiyo iliyogongwa kwenye chuma? Kama bastola ni ya marehemu mzazi, leseni yake hairithiwi. Ikabidhi polisi, kisha anza maombi yako mwenyewe kuanzia serikali ya mtaa. Habari ya skrubu isubiri.

Hatua ya pili ni kujua hasa kilichoharibika, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako. Toa magazini, fungua chemba uhakikishe haina kitu, risasi ziache chumba kingine. Fungua skrubu kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, ikikataa, iache. Ikitoka, ipime kwa vaniya, kile kipimo cha kubana cha mafundi. Bastola za zamani za Uingereza zinaweza kuwa na nyuzi za BA, kipimo cha zamani cha Kiingereza cha skrubu ndogo, ambazo hazipo kwenye maduka yetu ya vifaa. 2BA ina kipenyo cha milimita 4.7 na hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya 0.81. M5 ya dukani, ile ya kipimo cha metriki, ina milimita 5 na hatua ya 0.8. Zinakaribiana kiasi cha kumdanganya mtu: M5 inauma mizunguko miwili, fundi anaongeza nguvu, na tundu limekwisha. Hata pembe za nyuzi hazifanani, moja ni digrii 47.5, nyingine 60. Niliwahi kuletewa bastola iliyofanyiwa hivyo, na iliniuma, kwa sababu skrubu inachongwa nyingine, lakini tundu ni mwili wa silaha yenyewe.

Sasa andika barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD), Nyamagana au Ilemela kufuatana na unakoishi. Usiandike tu "naomba kutengeneza bastola". Taja namba ya leseni, aina ya silaha, kipimo cha risasi na namba iliyogongwa. Eleza kilichoharibika kwa sentensi moja inayoeleweka: "nyuzi za skrubu ya kushikilia mpini zimelika." Taja fundi mwenye leseni utakayempelekea, siku ya kuipeleka na siku unayotarajia kuirudisha. Ambatisha nakala ya leseni na ya kitambulisho cha taifa. Bastola yenyewe iache nyumbani mahali inapofungiwa mpaka uambiwe uilete. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na jibu lao likupate kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo haitakusaidia ukisimamishwa njiani.

Ukifika kwa fundi, kubalianeni kabla hajashika tepu, kile chuma cha kuchongea nyuzi ndani ya tundu. Nyuzi zilizojaa kutu na uchafu mara nyingi husafishwa kwa tepu ya kipimo kilekile, na unyevu wa ziwa hili unaleta kutu kweli. Skrubu iliyokufa ichongwe mpya kwa nyuzi zilezile za asili. Kupanua tundu liwe la M5 ni rahisi, ila hakurudishwi nyuma; mimi ningekataa mpaka njia nyingine zote ziishe. Nyuzi za mtutu au za sehemu yoyote inayobeba nguvu ya mlipuko ziamuliwe na yeye, na akisema silaha isitumike tena, isitumike. Namba iliyogongwa isiguswe na tupa wala msasa.

Dai stakabadhi siku unayoiacha, na siku ya kuichukua akuandikie alichofanya na kipimo alichotumia. Skrubu ya zamani irudi nayo. Itie kwenye bahasha pamoja na barua yenye muhuri. Fundi wa miaka ijayo ataipima hiyo kwanza.