Namna ya kuwatambua nyangumi wenye mdomo uliochongoka

Ukoo wa nyangumi hawa una spishi zaidi ya 20, na baadhi yao hawajawahi kuthibitishwa wakiwa hai baharini. Wanaishi juu ya vilindi, wanazama kutafuta ngisi, na wakiibuka hukaa juu dakika chache tu. Ndani ya dakika hizo, piga picha kichwa kabla ya kitu kingine chochote. Wengi hupiga pezi la mgongo kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa muda mrefu, kisha wanarudi pwani na rundo la picha zisizoweza kutenganisha spishi mbili.

Tafuta maji ya mita 500 na zaidi, hasa pale sakafu ya bahari inapoporomoka ghafla. Mkondo wa Pemba na bahari ya mashariki ya Unguja vina mahali pa namna hiyo. Chagua siku za tangambili, kaskazi au kusi inapokuwa imelegea. Mawimbi yakianza kuvunja povu, rudi: pumzi ya nyangumi hawa ni fupi na hafifu, na pezi lao ni dogo.

Kwanza hakikisha si mnyama mwingine. Pezi la mgongo la nyangumi hawa liko nyuma, karibu theluthi mbili za mwili kutoka kichwani. La pomboo liko katikati. Nyangumi wa nundu, wanaopita kwetu kuanzia Julai hivi, hutoa mvuke mrefu na mara nyingi huinua mkia wakizama. Hawa mkia hawauinui sana, na ukionekana, kwa kawaida hauna pengo katikati.

Sasa kichwa, kwa spishi tatu. Nyangumi wa Cuvier ana mdomo mfupi na paji linaloteremka polepole hadi mdomoni. Rangi yake ni kahawia au kijivu, na dume mzee huwa mweupe kuanzia kichwani hadi mgongoni. Meno yake mawili yako kwenye ncha kabisa ya taya ya chini.

Wa Blainville ni mdogo zaidi, hafiki mita 5. Paji lake ni bapa, na taya ya chini imepanda juu kwa nyuma na kutengeneza tao. Kwa dume, jino hutokeza juu ya tao hilo. Anapovuta pumzi ya kwanza mara nyingi mdomo hutoka majini kabla ya mgongo, basi kidole kiwe tayari kwenye kamera. Madoa meupe ya duara dufu mwilini ni alama za papa mdogo anayemega nyama. Mistari mirefu iliyonyooka ni ya meno ya madume waliopigana.

Wa Longman ndiye adimu zaidi kati ya hawa watatu. Paji lake ni la mviringo, limesimama, lenye rangi iliyopauka, na mpaka kati ya paji na mdomo ni dhahiri. Pezi ni kubwa na limepinda kama mundu. Ukiona kundi la makumi kadhaa, mfikirie huyu kwanza, kwani wale wawili huenda wachache wachache.

Weka lenzi ya milimita 300 au zaidi, kasi ya 1/1000 au zaidi, na upigaji wa mfululizo. Piga picha za mbavu zote mbili. Wakizama, andika saa na mwelekeo, zima injini na kipima kina, kisha subiri. Mzamo mrefu wa Cuvier huchukua kama saa moja, wa Blainville kama dakika 45, na katikati yake huwa na mizamo mifupi. Kuwafukuza kunaharibu kila kitu, kwa sababu wanasikia chombo mbali na wataibukia upande mwingine.

Majike na wachanga wa jenasi ya *Mesoplodon*, yenye spishi nyingi akiwemo wa Blainville, ndio tatizo kubwa, maana meno yao hayatokezi nje ya ufizi. Andika "*Mesoplodon*, spishi haijulikani" bila aibu. Huko New Zealand, jike na mwanawe waliokwama ufukweni mwaka 2010 walidhaniwa kuwa spishi ya kawaida, mpaka DNA ikaonyesha ni spishi iliyokuwa ikijulikana kwa vipande vya mifupa tu.

Kwa hiyo aliyekufa ufukweni ana thamani kubwa. Vaa glavu. Pima kutoka ncha ya taya ya juu hadi katikati ya ukingo wa mkia, kwa mstari ulionyooka kando ya mwili, si kwa kufuata mgongo. Angalia mifereji miwili kooni iliyokaa kama herufi V. Pima umbali kutoka ncha ya taya hadi jinoni, au upapase ufizi ukitafuta jino lililofichika. Piga picha ukiwa umeweka rula, kisha waite maafisa wa uvuvi wachukue kipande cha ngozi na kulihifadhi fuvu. Fuvu la pili la nyangumi wa Longman kujulikana duniani lilipatikana Danane, Somalia, mwaka 1955, ndani ya kiwanda cha mbolea.