Talaka ya Uingereza umepata; madai ya mali bado yako wazi

Ukishapata ile barua ya talaka kwenye simu, usikimbilie kuwatangazia watu wa nyumbani kwamba yamekwisha. Kilichokwisha ni ndoa. Madai ya mali kati yako na mtalaka wako yangali hai, na yataendelea kuwa hai mpaka jaji asaini amri nyingine kabisa, ambayo hakuna karani atakayekukumbusha kuiomba.

Hapa nasemea Uingereza na Wales tu. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao.

Kuomba talaka kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Tangu 6 Aprili 2022 hakuna kutaja kosa la mtu: ndoa iwe imetimiza mwaka, unajaza mtandaoni, unalipa ada ya pauni mia sita na kidogo, unapakia cheti cha ndoa. Cheti cha Kiswahili kitafsiriwe na mtafsiri anayethibitisha kazi yake. Kilichopotea, kiombe upya RITA kwa Tanzania au Sheria House kwa Kenya, foleni zake unazijua. Baada ya wiki 20 unaomba amri ya masharti, hatua ya kwanza ambayo bado haivunji ndoa; ikishatoka, baada ya wiki 6 na siku 1 unaomba amri ya mwisho, ndiyo inayoivunja.

Ni hizo wiki sita zinazowamaliza watu. Mtu amechoka, anaona kitufe cha amri ya mwisho, anabonyeza. Usibonyeze kabla mali haijamalizwa. Mwenzio akifariki kesho yake, wewe si mjane tena, na pensheni ya mjane imekwenda. Kama nyumba mnayoishi ina jina lake peke yake, haki yako ya kukaa humo kama mke au mume kwa kawaida inakatika siku hiyohiyo.

Kinachofunga madai ni konsenti oda, yaani makubaliano yenu ya mali yaliyopitishwa na jaji, yenye kifungu cha kukata madai moja kwa moja, kila mtu na lake, hata kama leo hamna cha kugawana. Jaji anaweza kuipitisha kuanzia pale amri ya masharti inapotoka. Inaandikwa na wakili, inaambatana na Fomu A, yaani ombi la amri ya mali, na Fomu D81 ambamo kila mmoja anataja mapato, mali, madeni na pensheni yake, na mara nyingi jaji huisoma mezani bila kuwaita. Karatasi mliyosainiana mbele ya wazee, mchungaji au wakili wa Dar haifungi mlango huo. Narudia: haifungi.

Anayedhani miaka ikipita dai linakufa amwangalie Dale Vince. Yeye na mkewe walitalikiana 1992 wote wakiwa hawana kitu. Baadaye akajenga kampuni ya umeme wa upepo akatajirika. Mkewe wa zamani alifungua madai 2011, Mahakama ya Juu ikamruhusu 2015, na wakamalizana kwa pauni 300,000. Sasa fikiria wewe na kaghorofa kako ka Kigamboni, ulikokajenga baada ya talaka.

Kuna mtego wa upande wa pili. Ukifunga ndoa mpya kabla hujaomba amri ya mali, unapoteza haki ya kudai fedha na nyumba kwa ajili yako mwenyewe. Pensheni pekee ndiyo husalimika. Aliyeomba talaka huwa amejikinga kama kwenye fomu alijibu ndiyo pale panapoulizwa kuhusu mali. Aliyeombewa talaka hana kinga hiyo mpaka apeleke Fomu A yake. Na nikaha ya Mombasa au Unguja ni ndoa halali machoni pa jaji wa hapa. Ile ya sebuleni Leicester bila msajili siyo. Vilevile talaka iliyotamkwa Leicester, au iliyotolewa na baraza la masheikh la hapa, inakufungua kidini tu. Serikali inakuhesabu bado una ndoa.

Kutalikiana nyumbani hakukuepushi. Sheria ya 1984 inamruhusu mwenye mizizi hapa kuomba ruhusa ya kudai mali hata baada ya talaka ya nje. Mume na mke Agbaje walitalikiana Lagos, Nigeria, na mali ikagawanywa hukohuko. 2010 Mahakama ya Juu ya London ikamthibitishia mama fungu kwenye nyumba ya London.

Ndugu zetu, kwa heshima zote: "andika kiwanja jina la kaka" si ushauri. Fomu E, unayojaza mali ikigombaniwa mahakamani, inauliza mali yote, popote duniani, pamoja na taarifa za benki za miezi 12, na kila shilingi uliyotuma kwa fundi inaonekana humo. Uhamisho wa mali ndani ya miaka mitatu kabla ya ombi unaweza kudhaniwa ulikuwa wa kukwepa, na kazi ya kukanusha ni yako. Ukificha, hukumu inaweza kufunguliwa upya. Na shangazi anayetaka jaji asikie habari za hawara, asijisumbue. Waingereza wanaweza kukuvua shati kwa barua inayoanza "Mpendwa" na kuishia na salamu za upole. Kelele na aibu haviwagusi, wanataka tarakimu. Baraza la usuluhishi la kwetu linakera, lakini angalau mtu atakuuliza mlikosana nini.

Bibi naye asiseme "mlete tu mtoto alelewe huku". Kumtoa mtoto nchini bila idhini ya mzazi mwenzio mwenye haki za uzazi kisheria ni jinai. Mwenye amri kwamba mtoto anaishi naye anaruhusiwa kusafiri naye chini ya mwezi mmoja. Aliye kwa viza ya mwenzi naye aone mshauri wa uhamiaji kabla ya kuomba talaka. Viza ikikatwa, kwa kawaida unabakiwa na siku 60 tu.

Pensheni ya kazini, ikiwemo ya NHS (huduma ya afya ya serikali), iombe mapema thamani yake ya kuhamishwa. Majibu yanaweza kuchukua miezi mitatu. Amri ya kuigawa ikishatoka, hakikisha mfuko wa pensheni umeipata pamoja na amri ya mwisho na ada yao, kwa barua yenye ushahidi wa kupokelewa. Miezi minne waliyopewa kuitekeleza haianzi mpaka wawe na karatasi zote.