Mtu hana pa kulala Kampala: kutoka barazani hadi kwenye chumba chenye ufunguo

Mwanzoni mwa 2025, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, Kongo, kijana wa boda alituletea sisi Wakongo wa kanisa la Katwe mzee mmoja mkimbizi, fundi cherehani. Alikuwa amelala siku nne kwenye baraza la duka la vyuma, begi chini ya kichwa, viatu miguuni ili visiibwe. Tangu siku hiyo mpaka apate chumba cha kufunga mwenyewe zilipita wiki saba, na mbili kati ya hizo zilipotea kwa kosa langu. Nimeamua kuandika tunavyofanya kwa sababu kila mwezi napigiwa simu saa tatu usiku na mtu wa kanisa jingine, au wa msikiti, akiniuliza yale yale.

Kwanza ondoeni wazo la jumba. Wengi hudhani mji mkubwa kama Kampala lazima uwe na mahali ambapo mtu mzima asiye na makazi anabisha hodi na kupewa kitanda. Ukilitafuta jumba hilo utazunguka mpaka soli ziishe. Milango ipo, ila kila mlango una watu wake: mwanamke anayekimbia kipigo, mzee asiye na ndugu, mgonjwa wa akili, mkimbizi aliye tayari kwenda kambini. Mtu mzima mwenye afya yake, asiye na kitu, hana mlango wake. Huyo mtafutie mtu wa kusema "namjua" kabla ya kumtafutia kitanda.

Hatua ya kwanza: usiku wa leo

Mweke penye taa na watu. Ikiwa ni Ijumaa, mkesha wa kanisa unatosha. Siku nyingine sisi hutumia stendi ya mabasi, Kisenyi au Namayiba, upande wanaokaa abiria wa magari ya alfajiri. Begi likae katikati ya miguu, simu iingie ndani ya soksi. Gesti za bei ya chini tumezilipia shilingi 15,000 hadi 25,000 kwa usiku, na mimi pesa hiyo huitoa kwa mwanamke au mgonjwa tu. Mwanaume mwenye nguvu zake akae stendi, kwa sababu hiyo elfu ishirini tutaililia wiki ijayo. Wenzangu huniita mkatili. Sawa.

Akikamatwa kwa kuzurura, jueni kwamba Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vilivyokuwa vinatumika kukamata watu kwa kuonekana tu wanatangatanga bila shughuli. Lakini msiende kaunta kufundisha polisi sheria. Nendeni watu wawili wenye vitambulisho, mseme mnamjua, muombe bondi, yaani aachiwe kwa dhamana. Bondi ya polisi ni ya bure.

Hatua ya pili: umsikilize, ujue ni mlango upi

Hii hufanyika asubuhi akishakula, siyo usiku. Usiku mtu atakujibu lolote ili umwache alale.

Mwanamke aliyepigwa apelekwe polisi, dawati la watoto na familia, kisha hospitali na fomu namba 3 ya polisi ijazwe kabla majeraha hayajapoa. Shirika la MIFUMI lina nyumba za kuhifadhi wanawake kama hao. Nyumba hizo zilipo hapasemwi, kwa hiyo usiulize, na ukishajua usiandike kwenye grupu la WhatsApp hata kama grupu ni la maombi. Tena kuna Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010: hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi na kumzuia mpigaji asikae nyumbani. Mara nyingine anayestahili kuhangaika na pa kulala ni yule bwana.

Mzee kabisa asiye na mtu: Nalukolongo kuna makao ya Mapeera Bakateyamba, yaliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kutunzwa na Masista Wasamaria Wema. Sisi hupitia kwa paroko, na huenda bila mzee kwanza. Kumbeba mzee wa watu mpaka getini halafu mrudi naye ni kumuumiza mara mbili.

Anayeongea peke yake usiku kucha, anayesikia sauti, ni wa Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili. Usimfungie chumbani ukaita hiyo huduma.

Mkimbizi aliyefika juzi muulize kama angeenda kambini. Wanaoingilia mpaka wa Bunagana hupokelewa Nyakabande, Kisoro, halafu wengi hupelekwa kambi ya Nakivale. Waliovuka Ziwa Albert huelekea kambi ya Kyangwali. Aliyekwisha kufika Kampala bila karatasi yoyote, sisi humwanzishia polisi ya Old Kampala, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoandikisha wakimbizi. Kambini atapewa kiwanja, shitingi (turubai la plastiki) na miti ya kuanzia, na mjini anatarajiwa ajitegemee. Usimpambie: mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani (WFP) liliwakata mgao wakimbizi wapatao milioni moja. Namba ya bure ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na washirika wake ni 0800 323232, na Kiswahili kinasikika. Mzee wetu alikataa kambi. Alisema, "Kule kila mtu ana suruali moja, nitashona nini?" Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa uhuru wa kutembea, kwa hiyo hatukumbishia.

Hatua ya tatu: barua ya LC

Hapa ndipo palipokula wiki zangu mbili, kwa hiyo vumilieni.

LC1 ni baraza la ngazi ya chini kabisa, na eneo lake huitwa kijiji hata likiwa katikati ya jiji. Mwenye nyumba yeyote mwenye akili atakudai barua ya mwenyekiti wa ulikotoka. Mwenyekiti wa unakohamia naye ataitaka hiyo hiyo. Sasa aliyetoka barazani kwa muuza vyuma ametoka LC ipi? Bila barua hapati chumba, na bila chumba hapati barua. Vijana watakwambia barua inachapwa Nasser Road kwa nusu saa, muhuri na kila kitu. Inachapwa kweli. Ila mwenyekiti mpya akipiga simu kwa mwenyekiti wa zamani, na hupiga, mgeni wako anageuka mshukiwa siku hiyo hiyo, na wewe uliyemleta pia.

Njia ni moja: apate mwenyeji anayeishi kijijini hapo kwa miaka, anayelipa kodi vizuri na asiye na kesi na majirani. Alale kwake hata sakafuni. Halafu, na hapa nyosheni masikio, asubuhi ya kwanza kabisa mwenyeji ampeleke mgeni kwa mwenyekiti amtambulishe. Siku hiyo msiombe barua. Salamu tu, "huyu ni mgeni wangu, anatoka mahali fulani, atakaa kwangu." Basi, mrudi nyumbani.

Mimi sikufanya hivyo. Nilimweka mzee kwa mshirika wetu mmoja, nikaona tusimsumbue mwenyekiti mpaka tuwe na haja naye. Baada ya wiki mbili tukaenda kuomba barua, tumevaa vizuri kabisa. Mwenyekiti akamtazama mzee, akanitazama mimi, akasema: "Amelala kijijini kwangu siku kumi na nne na sikuambiwa. Leo niandike kwamba namjua?" Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Kukitokea wizi, yeye ndiye polisi wanamwamsha. Tukaanza kuhesabu upya siku hiyo.

Mengine kuhusu barua, kama yanavyonijia.

Salamu iwe ya Kiganda. "Wasuze otya, ssebo," hata ukiivunja. Sisi Kiswahili ni lugha ya mama na ya kanisa, lakini wazee wengi hapa walikisikia kwanza mdomoni mwa askari, wengine usiku na mlango unagongwa. Ukifungua kwa Kiswahili unaongeza kilima ambacho hakikuwepo. Akishacheka Kiganda chako, mwenyewe atahamia Kiswahili. Bora zaidi uende na jirani Mganda, na ninaposema jirani nina maana ya mama fulani wa genge la nyanya. Mhubiri mwenye tai hafai, tai inapandisha bei.

Bei, ndiyo. Nimelipa 5,000, nimelipa 10,000, na nimewahi kutajiwa 50,000 na mtu ambaye hakuwa hata mwenyekiti. Hakikisha unaongea na mwenyekiti au katibu wake, na ulipie barua ikiwa mkononi.

Majina! Sisi Wakongo tuna majina matatu na kila karatasi inayapanga kivyake. Mwenyekiti huandika anavyosikia, na sikio la Mganda lina sheria yake ya L na R: mtu aitwaye Baruani hutoka hapo akiwa Balwani. Ya mzee ilitoka na majina mawili, moja likiwa na L. Kijiji cha pili wakailinganisha na karatasi yake ya kuomba hifadhi wakasema hawa ni watu wawili. Tukarudi, siku nyingine ikaenda. Sasa hivi naandika majina kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, kwa mpangilio ule ule wa karatasi ya serikali, na kumwekea mwenyekiti mbele kabla hajashika kalamu.

Barua iwe na picha, muhuri ukalie nusu picha nusu karatasi. Iwe na tarehe. Iwe na namba ya simu ya mwenyekiti inayopatikana. Isitaje mwenye nyumba kwa jina, iandikwe kwa yeyote anayehusika, maana chumba cha kwanza mara nyingi kinaponyoka na barua ya jina moja hailiwi kwingine. Toa kopi nne. Ya asili iingie kwenye bahasha ya plastiki, na msipige lamination karatasi ya kuomba hifadhi, kwa sababu ofisini wataandika na kugonga muhuri juu yake tena. Kuitegemea picha ya kwenye simu ni kujidanganya. Simu inaibwa, chaji inaisha, na mwenyekiti anataka kushika kitu.

Siku tulipoipata barua, mke wa mwenyekiti alitoa muhuri ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, iliyofungwa fundo mbili. Mwenyekiti akaupulizia pumzi, akaujaribu kwanza kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mwanawe la hesabu, akarekebisha tarehe yake kwa ukucha, ndipo akaugonga. Fundi wetu aliishika ile barua kwa ncha za vidole kama kitambaa cha mteja.

Hatua ya nne: kubanana kwa muda

Hiki ndicho chumba cha mpito chetu: watu wazima watatu wanne chumba kimoja, pazia katikati, wiki sita hadi nane. Mkubaliane mwanzoni, mbele ya shahidi, nani analipa mkaa, nani maji, na siku ya kuondoka. Bila siku ya kuondoka, mwenyeji ataanza kununa wiki ya tatu na hatakwambia kwa nini.

Akiba ikae kwa mweka hazina na iandikwe daftarini, kila anapoleta atie sahihi. Mobile money inakata ada ya kutoa, na pesa iliyo kwenye simu yako ndugu wote wanainusa. Mzee alipata kona ya cherehani ya kukodi na akawa analeta elfu tatu, elfu tano. Wanawake wengi huanza na kutembeza vitenge. Waambieni wajue siku za msako wa askari wa jiji, mzigo ukikamatwa akiba yote imekwenda.

Hatua ya tano: muzigo

Wageni huchekwa sana hapa. Chumba kimoja cha kupanga Waganda hukiita muzigo, vikiwa vingi ni mizigo, na mimi mwaka wa kwanza nilipoulizwa "unatafuta mizigo?" nilijibu hapana, yangu iko salama.

Maeneo yetu ya bondeni tumepanga vya 100,000 hadi 200,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba husema miezi mitatu mbele. Omba miwili, barua ya LC na daftari la akiba vikiwa mezani. Mara mbili nimeona daftari likifanya kazi kuliko mchungaji. Dalali sitaki kumsikia: anakula mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango ambao mama wa nyanya angekuonyesha bure.

Sheria ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inataka upangaji wa 500,000 na zaidi uandikwe, na inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Muzigo wako kwa mwezi haufiki huko, kwa hiyo atakwambia maandishi ya nini. Andikeni hivyo hivyo, na kila mwezi risiti.

Kabla ya kulipa, chuchumaa. Angalia ukuta kuanzia goti kushuka chini. Bondeni, mvua ikinyesha mifereji inarudisha maji ndani, na rangi mpya iliyoishia usawa wa goti imepakwa kufunika kitu. Bonyeza plasta kwa kidole gumba, ikibonyea, toka. Uliza mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ya wangapi, na choo ni cha milango mingapi.

Kufuli mnunue wenyewe siku hiyo hiyo, na funguo zote mbili apewe yeye.