Besi mwenye mabaka meusi: usimtupe, ila usimhamishe

Ndugu zetu wanaovua kwa ndoana Marekani, kwenye mito kama Potomac na Susquehanna, wengine huvuta besi (samaki wa mito na maziwa, kwa Kiingereza bass) wakamkuta kama aliyemwagiwa wino. Baka moja liko mdomoni, jingine kwenye pezi la mkia, mengine yametapakaa ubavuni. Wengi humtupa kichakani wakidhani ameoza akiwa hai. Ni hasara, kwa sababu mara nyingi samaki huyo ana nguvu zake zote.

Lowanisha mkono kwanza, kisha pitisha kidole gumba juu ya baka. Ukikuta ngozi ni laini kama sehemu nyingine, hakuna uvimbe wala kidonda, na weusi hautoki hata ukisugua, basi rangi yenyewe, yaani melanini, imerundikana mahali pamoja. Watafiti wa Marekani wamekuta virusi vya kundi la adomavirusi kwenye mabaka ya aina mbili za besi: besi mdomo mdogo na besi mdomo mkubwa. Mabaka huonekana zaidi kwa samaki wakubwa na katika miezi ya baridi, na huweza kufifia. Haijaonekana kwamba mabaka haya huua samaki, wala kwamba humwambukiza binadamu.

Usiyachanganye na vidoa vidogo kama punje za pilipili manga, ambavyo ukivigusa unahisi kipunje kigumu chini ya ngozi. Hivyo ni viluwiluwi vya minyoo bapa: huanzia kwa konokono, huingia kwa samaki, kisha humalizia maisha yao tumboni mwa ndege wanaokula samaki kama korongo na mdiria. Kwenye bwawa la kufugia, dawa yake ni kupunguza konokono, na hilo huanza kwa kufyeka majani ya kingoni. Samaki mwenye vidoa hivi au mwenye mabaka analiwa. Mchune ngozi ukipenda, na mpike mpaka nyama iwe nyeupe na iachane na mfupa kwa urahisi.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usimhamishe samaki hai kutoka maji haya kwenda maji yale. Besi ni samaki anayependwa, na anayependwa husafirishwa. Wa Ziwa Naivasha, Kenya, waliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mchezo wa ndoana. Anayebeba besi watatu kwenye ndoo ili apandikize bwawani kwake hawezi kujua amebeba na nini kingine, kwa sababu virusi havionekani kwa macho na hata samaki asiye na baka anaweza kuwa navyo. Ukitaka vifaranga, nunua kwa mzalishaji anayekaguliwa, uwatenge kwanza wiki mbili au tatu kwenye tangi lao.

Ukimaliza kuvua, mwaga maji yote ya tangi la mashua papo hapo ulipovulia, osha wavu na viatu, uvianike vikauke kabisa kabla ya kwenda ziwa jingine. Chambo kilichobaki usikimwage majini.

Na ukikuta mwenye kidonda kinachotoka damu, macho yaliyovimba au anayeelea kwa ubavu, hayo siyo mabaka. Mpige picha, andika mahali na tarehe, umpelekee ofisa wa uvuvi siku hiyohiyo.