Kumsoma Parmenides: Anzia Chini ya Ukurasa

Parmenides, mwanafalsafa wa Kigiriki wa Elea, kusini mwa Italia, alitunga mwanzoni mwa karne ya 5 KK shairi ambamo mungu wa kike anamfundisha kijana njia za kutafuta ukweli. Shairi zima limepotea. Tunachosoma leo ni mistari 150 na ushei, iliyookotwa katika vitabu vya watu waliomnukuu. Kwa hiyo kabla hujauliza shairi lina maana gani, uliza kwanza maneno unayoyasoma yametoka wapi. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Mjue aliyekutunzia mstari. Sehemu kubwa ya utangulizi wa shairi tumeipata kwa Sextus Empiricus, mwanafalsafa wa kale. Hoja ndefu ya kipande cha 8 (vipande vimepewa namba na wahariri) tumeipata kwa Simplicius, mfafanuzi wa Aristotle wa karne ya 6 BK, miaka elfu moja hivi baada ya mshairi. Simplicius mwenyewe anaeleza kwamba ananakili kirefu kwa kuwa kitabu kimeadimika. Mungu amrehemu kwa hilo.

Hatua ya 2: Soma tanbihi neno kwa neno, yaani maelezo ya chini ya ukurasa ambamo mhariri anaonyesha nakala za mkono zinasema nini. Hapa usiwe na haraka. Kwa miaka mingi mstari wa 3 wa utangulizi ulichapishwa ukisema njia inambeba mtu ajuaye "kupitia miji yote", kwa Kigiriki *kata pant' aste*. Ilipendeza, maana hata mstari wa 3 wa Odyssey, utenzi wa Homer juu ya safari za Odysseus, unataja miji ya watu wengi, na wafasiri wakamwona Parmenides kama msafiri wa aina ya Odysseus. Neno hilo liliripotiwa na Hermann Mutschmann, mhariri wa Sextus, kutoka nakala moja ya mkono iliyoko Florence. Mwaka 1968 mtaalamu A. H. Coxon akachapisha alichokiona alipoikagua nakala ile: imeandikwa *pant' ate*. Herufi ya *s* haimo! "Miji" haina nakala hata moja inayoiunga mkono, na ufasiri uliojengwa juu yake ukabaki unaning'inia.

Hatua ya 3: Pima nakala zinapogombana. Mstari wa 29 wa utangulizi unataja moyo wa Ukweli. Kwa Simplicius Ukweli huo ni *eukukleos*, wa mviringo kamili. Kwa Sextus, Plutarch na waandishi wengine wa kale ni *eupeitheos*, wenye kushawishi. Kwa mwanafalsafa Proclus ni *eupheggeos*, wenye kung'aa. Jiulize lipi lingeweza kuzaa jingine. Mviringo unarudi katika kipande cha 8, mstari wa 43, kwa hiyo huenda mtu aliuvuta kutoka huko. Nami naelemea "wenye kushawishi", kwa sababu kipande cha 2 kinaiita njia ya kweli njia ya Ushawishi.

Hatua ya 4: Tafuta viraka, yaani maneno ambayo wahariri wameyajaza wenyewe. Katika kipande cha 6, mwisho wa mstari wa 3, kitenzi hakimo katika nakala. Mhariri Hermann Diels alijaza *eirgo*, "nakuzuia", na mungu wa kike akawa anamkataza kijana njia mbili. Ukiongeza ile ya kweli, zinakuwa tatu. Wataalamu wengine hawakukubali: Néstor-Luis Cordero (1979) akapendekeza "utaanza", na Alexander Nehamas (1981) "nitaanza", na kwao njia ni mbili tu. Hesabu nzima ya njia za Parmenides imetundikwa kwenye kitenzi ambacho hakuna mnakili aliyetuachia. Kisome kipande hicho kwanza bila kitenzi, kisha kwa kila pendekezo, na uandike pembeni kinachobadilika. Katika daftari langu, pale pana mabano matupu hadi leo.