Jinsi ya kufuatilia eneo la nyika linalosubiri uamuzi wa Bunge la Marekani

Hivi karibuni nilimsindikiza ndugu mmoja, Mkongo mwenzangu anayeishi Boise, katika safari yake ya kwanza ya kujitolea huko Honeycombs, mashariki mwa Oregon, na maswali yake ya njiani ndiyo yaliyozaa mwongozo huu. Honeycombs ni mojawapo ya maeneo ambayo BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi za umma, imeagizwa na sheria ya 1976 kuyatunza yasipoteze sifa za nyika hadi Bunge litakapoyaamulia. Anayejitolea hana mamlaka ya kumzuia mtu yeyote. Kazi yake ni kuleta ushahidi wa kilichobadilika.

Hatua ya kwanza: iombe ofisi ya BLM ya sehemu hiyo ramani ya mipaka na kumbukumbu ya njia za magari zilizokuwapo eneo lilipoorodheshwa. Barabara, kwa maana yao, ni ile iliyotengenezwa na kutunzwa kwa mashine. Njia iliyochimbwa na magurudumu peke yake si barabara.

Hatua ya pili: hakikisha kifaa cha GPS na ramani vinatumia datamu moja, yaani msingi uleule wa kupimia mahali duniani. Nakusihi usiiruke hatua hii. Ramani nyingi za zamani za serikali zilichorwa kwa datamu ya zamani iitwayo NAD27, ilhali vifaa vya leo huja vikiwa vimewekwa nyingine, WGS84. Ukihamisha namba za gridi ya UTM, yaani mfumo unaotaja mahali kwa mita, bila kubadilisha datamu, utapelekwa takriban mita 200 kutoka mahali unapopatafuta; ukitumia digrii za latitudo na longitudo, kosa ni dogo zaidi, lakini bado ni makumi ya mita. Mwaka wangu wa kwanza nilitafuta rundo la mawe lililowekwa kuonyesha kituo cha picha, yaani mahali panaporudiwa kupigiwa picha ileile, kwa saa tatu juani, nikaamini kwamba limebomolewa, kumbe lilikuwa ng'ambo ya korongo. Datamu huandikwa pembezoni mwa ramani, chini. Isome, weka kifaa vilevile, kisha simama kwenye njia panda inayoonekana ramani­ni na ulinganishe namba kabla ya kuendelea. Katika daftari, andika datamu kando ya kila namba, kwa sababu atakayekufuata hawezi kuibashiri. Binafsi hubeba kifaa cha GPS pamoja na ramani ya karatasi; simu naiacha iwe ya dharura, kwa kuwa betri na mtandao havitegemeki kule.

Hatua ya tatu: piga picha upya kutoka kituo kilekile, ukiwa na picha ya zamani iliyochapishwa mkononi, na usogee mpaka jiwe la karibu na ukingo wa mlima vipangane kama awali. Penye alama za magurudumu, weka rula kando yake, kisha inama uangalie vichaka vya sagebrush vilivyokanyagwa: tawi lenye unyevu na weupe ndani limevunjika karibuni, lililokauka na kuwa kijivu limevunjika zamani. Andika mwelekeo wa kamera kwa dira.

Hatua ya nne: mvua ikinyesha, ahirisha, kwani udongo wa mfinyanzi hunasa magari, na mitaro utakayoiacha itakuwa uharibifu mwingine.

Hatua ya tano: peleka fomu ya ripoti yako kwa ofisi ya BLM wiki hiyohiyo, hata kama hukuona badiliko lolote, kwa sababu tarehe ambayo njia haikuwapo ndiyo itakayosaidia kukadiria ilianza lini.